Mbuzi wa Kusimama

Magoti ya mama yalilia kabla ya mama kulia.
Kila akiinuka kibaoni, nazi mbili zimekwisha,
hushika ukuta, akamwita Mola, kisha akaniita mimi,
nami hutoka na daftari mkononi
badala ya mkono.

Daftari lenyewe! La hesabu za duka la leso
nilikoajiriwa, Barabara ya Biashara, miaka sita:
mbele madeni ya watu, nyuma mawazo yangu.
Mfuko wa siri ndani ya buibui, wa funguo na nauli.
Kawa isiyopeperushwa na feni.
Sabuni ya mwani kwa wenye ukurutu.
Kila moja na mchoro wake, kila moja na jina,
hakuna hata moja lenye risiti.
Nilikuwa tajiri wa kesho.

Usiku mmoja nikachora mbuzi.
Si wa kukalia: wa kubana mezani,
shingo ya chuma imepinda kulia, meno yaleyale,
ili mama akune amesimama na heshima zake.
Nikaupenda mchoro. Nikafunga daftari.
Asubuhi nikamsikia tena akitafuta ukuta.

Nikaung'oa ukurasa.
Ukurasa uliong'oka hauna pa kurudi,
ndio ulionifikisha Kongowea.

Kalume mchomeleaji aliugeuza juu chini.
"Dada, huyu ni mbuzi au fenesi?"
Nikasema mbuzi. Akacheka, akawasha moto.
Wa kwanza alikuna vizuri, meza ikaondoka.
Wa pili alibana meza, nazi ikakataa.
Wa tatu alimkata Kalume kidole, akaniomba
wiki moja asimwone mbuzi wala mimi.
Wa nne (hapo nimeshauza bangili,
ile nyembamba, niliyojiambia siipendi),
wa nne alisimama.

Wewe mwenzangu mwenye daftari, itazame nazi.
Nzima ni ahadi tu, hata ukiitikisa ikakuitikia.
Ivunje. Ikune. Ikamue.
Kasimile haijazi sufuria
lakini mchuzi unaijua.
Na chicha itupe:
mimi nilitupa sabuni, nikaitupa kawa,
mfuko wa buibui ndio bado unanisumbua usingizini.

Kisha likaja lile lisilochoreka: bei.
Nilitaja mia sita, tena kwa haya.
Usiku nikapiga hesabu: chuma, skrubu, tuktuk,
kidole cha Kalume.
Kumbe kila mteja nampa mia na hamsini
na mbuzi juu yake.
Kesho yake nikasema elfu moja na mia mbili,
macho nimeyaficha kwenye mchicha wa jirani.
Bi Nuru wa Makadara akahesabu noti pole pole.
"Unaye wa mkono wa kushoto?"
Hakuna aliyewahi kuniambia
kwamba duniani kuna watu wa kushoto.
Nikaandika. Sasa ninao watano.

Leo wametimia thelathini na saba, nambari shingoni.
Wawili wamerudishwa.
Mmoja, nasikia, anazuia mlango huko Mtopanga,
sikuuliza zaidi.
Leseni ya kaunti imetundikwa kibandani,
imekunjamana kwa jinsi nilivyoishika.
Kalume hulipwa Ijumaa, kabla yangu.
Ule ukurasa uko ukutani kwake, umelowa grisi,
umepigwa mstari mmoja mnene.

Na mama?
Siku za wageni hukuna amesimama,
awaonyeshe.
Siku zetu wawili namkuta chini,
kwenye kibao chake cha zamani, miguu ameinyoosha.
"Huyu ananijua," asema.
Simbishii. Nangoja amalize ya pili.
Daftari nimeliacha kibandani.
Anyanyukapo, haushiki ukuta.