Nusu Lita kwa Siku

Daktari alisema nusu lita kwa siku,
chai humo humo, uji humo humo,
hata maji ya kumezea vidonge yahesabiwe.
Basi kila alfajiri, Mikindani ingali gizani,
nampimia kaka yangu kiu yake
katika chupa ya soda niliyoichora mstari kwa kalamu.

Mwashigadi, mzee wa kanisa,
mshika ufunguo wa kisima.
Mabomba ya mtaa yalipokauka
wanawake walipanga mitungi toka ukutani hadi barabarani,
naye akawatokea na shati lake jeupe:
"Leo pampu imeharibika, mama zangu. Tuombe."
Usiku pampu ilipona.
Nililisikia boza likirudi kinyumenyume, taa zimezimwa,
mpira ukitambaa uani
kama nyoka aliyealikwa.
Nilisikia. Nikaugeuza mto, nikalala.

Hakuna aliyemfukuza.
Alianza kuchelewa ibada,
kisha akawa anasimama mlangoni,
kisha nje, kwenye kivuli cha tangi,
kisha Jumapili ikawa siku ya kuosha gari.
Imani yake haikuvunjika kama sahani.
Ilichujuka kama rangi ya leso,
fuo baada ya fuo,
hata siku moja ukiinua juani
unaona upande wa pili.

Sasa Jumanne na Ijumaa hulala kando ya mashine.
Damu inatoka, inaoshwa, inarudi.
Majirani wamekwisha kata shauri:
"Aliuza maji, maji yamemkana."
Wanayasema hayo wakinunua mtungi
kwa mwenye mkokoteni aliyepandisha bei tangu jana,
na ambaye hajaumwa hata jino.

Baba yetu alikufa kwa figo hizi hizi, kule Wundanyi,
na hakuiba hata umande.
Fimbo gani isiyochagua mgongo?
Usiku mmoja nilimwambia hivyo, nikidhani namfariji.
Akajiinua, midomo imepasuka:

"Usininyang'anye fimbo yangu, Mkamburi.
Mtoto wa jirani akikutukana
unamfungia mlango, basi.
Wako ndiye unayemfuata kichakani
na ufito mkononi, na kiatu kimoja.
Kama hili si pigo,
basi niliondoka
na hakuna aliyeinua macho."

Nikakosa neno. Nikamfunika miguu.

Mimi sikutoka kanisani.
Nina nafasi yangu, safu ya tatu, karibu na feni.
Naimba sauti ya pili.
Karo ya Mghoi ililipwa kwa maji yale;
nilizipokea noti zikiwa bado na unyevu
na sikuuliza mvua ilinyesha wapi.
Figo zangu nzima. Usingizi ninao.
Nakunywa glasi mbili kwa mfululizo, jikoni,
nikiwa nimempa kisogo.
Kama aliye wake humfuata hadi kichakani,
mbona nyuma yangu
hakukatiki hata kijiti?

Juzi alinionyesha kopo la sukari.
Ufunguo wa pili, chini ya sukari, miaka yote hiyo.
"Warudishie," alisema. "Useme ni wangu."
Niliuosha. Ulikuwa mtamu, na chumvi ya kutu ndani yake.

Kisimani foleni ilifika hadi duka la mkaa.
Pampu ilikuwa imeharibika, safari hii kweli,
na kasisi ameinama juu yake, mikono yote grisi.
Sikumwendea.
Nilisimama mwisho wa foleni, ufunguo unaniuma kiganjani,
jua likipanda, mitungi ikisogea unyayo kwa unyayo,
hadi bibi mmoja aliyekuwa mbele yangu akageuka:

"Wewe, mtungi wako uko wapi?"

Nikafungua mkono.
"Boza lile," nikasema. "Mimi nililisikia."