Nne, Nne, Mbili

Fomu ilikuwa na kurasa kumi na moja.
Nilizijaza mimi, kwa kalamu ya kuazima,
jikoni kwa Onolina, Mafinga, Julai,
baridi ile inayofanya hata wino usite.

Jina la kikundi: Maranda.
Afisa alicheka. "Maranda si takataka?"
Ndiyo, mama. Tangu kiwanda cha mbao kifunge lango
tunachota takataka zake kwa magunia,
tunapikia, tunalalishia kuku,
debe mia tano kwa wenye majiko.
Andika Maranda.

Akatufafanulia ruzuku inavyogawanywa:
nne kwa wanawake,
nne kwa vijana,
mbili kwa wenye ulemavu.
Vitus Chengula, aliyekaa karibu na mlango,
mkono wa kushoto ndani ya koti,
akasema, "Huo si mgawo, mama,
huo ni mpangilio wa mpira.
Mimi unanichezesha namba ngapi?"

Tukacheka wote, afisa pia.
Halafu akafungua daftari.

Umri? Thelathini na sita.
Kijana anakomea thelathini na mitano.
Ulemavu?
Akautoa mkono:
kidole gumba, kidole cha mwisho, nusu ya cha kati.
Msumeno wa mviringo, zamu ya usiku,
miaka tisa iliyopita. Bosi alimpa nauli ya hospitali
na mapumziko ya siku tatu.
Afisa akautazama
kama mtu anayesoma maandishi madogo chini ya mkataba.
"Unashika kikombe?"
"Nashika."
"Basi," akasema, taratibu, si kwa ubaya,
"kwa mujibu wa mwongozo, umepona."

Umepona.
Nililiona neno likimwingia
kama kibanzi kinavyoingia chini ya ukucha.

Tukatoka pale tukiwa kumi kwenye karatasi,
kumi na mmoja barabarani.

Ruzuku ilikuja Novemba, na mvua za kwanza:
mashine moja ya kijani
na barua: mafunzo ya useremala, miezi mitatu,
mkufunzi atatoka Iringa mjini.
Mkufunzi alifundisha wiki mbili. Ya tatu akatuma ujumbe
kwamba posho yake haijasainiwa.
Mashine ikalala chini ya turubai,
nasi tukaizunguka
kama ng'ombe wa mtu mwingine.

Jumatatu moja nikakuta turubai limekunjwa.
Vitus ameinama, umeme umezimwa,
anauzungusha msumeno polepole kwa kijiti, anausikiliza.
"Huyu ni mdogo wake yule aliyenila," akasema.
"Sauti ya ukoo."

Akamwita Tulalumba, miaka kumi na tisa,
aliyekuwa akitetemeka.
Hakumpa hotuba. Aliweka kiganja mezani,
kile kile, akakizungushia chaki,
kisha akachora mstari mbele yake.
"Hapa ndipo mpaka. Mimi niliuvuka nikiwa na usingizi.
Wewe ukisinzia, nenda kalale.
Ubao utakungoja. Mpaina huu
umengoja miaka kumi na minane msituni,
hautakufa kwa kungoja mpaka kesho."

Sasa tuna oda ya madawati arobaini.
Tulalumba anazozana na wateja kuhusu unyevu wa mbao.
Onolina ananuka gundi hata kanisani.

Juzi nimeandika taarifa kwa halmashauri.
Wanufaika: kumi.
Mkufunzi: jina la yule wa Iringa,
maana ndilo lililokuwa limeshachapwa.
Vidole vilivyopotea: hakuna safu ya hilo.
Nikaandika pembeni, kwa penseli: sifuri.

Hesabu mwenyewe.
Nne, nne, mbili.
Ni kumi.
Waulize hata watoto wanaocheza nyuma ya banda letu,
mpira wao wa makaratasi na kamba,
miguu imejaa vumbi la mbao:
watakuambia ni nani hatajwi katika hesabu hiyo,
na amesimama wapi.