Digrii Tisini na Saba

Mashine ilikuja kwa basi kutoka Kariakoo,
imeviringishwa blanketi kama mgonjwa wa rufaa.
Aliyeniuzia aliapa: hii, ndugu yangu, ni farasi.
Hakusema kwamba farasi huyu anakula moto.

Chumba changu cha Chuno ni futi kumi kwa kumi,
bati juu, dirisha moja, na Novemba.
Nachora nyumba ambazo bado hazijajengwa:
sebule ya Bwana Chimbwata kule Mbae,
ngazi inayopinda, vioo, mwanga wa saa kumi sakafuni.
Nabonyeza, naondoka, kompyuta inapika picha.
Inapika kweli.

Sabini. Themanini na mbili. Tisini.
Feni zinalia kama kinu cha kusaga kilichokosa mahindi.
Tisini na saba,
halafu kioo cheusi, kimya,
na sebule ya Chimbwata imebaki nusu, haina dari.

Nikaanza kutafuta mchawi.

Kwanza jua: nikatundika khanga mbili dirishani.
Kisha Tanesco, na umeme wao wa kupanda na kushuka.
Kisha mashine yenyewe. Nikaivua ubavu,
ikakaa utumbo nje, nikaiwekea feni ya mezani
iliyoivuvia joto lilelile la chumbani,
kama mtu anayekupepea kwa kifuniko cha sufuria.
Nikashusha volti. Nikaikataza kasi.
Farasi akatembea kama punda, na bado akatoka jasho.

Mwisho nikamfikia Somoe.

Somoe Mchilowa, jirani wa ukuta mmoja, anakaanga korosho
kwenye bati lililotobolewa kwa misumari.
Moshi wake ni mzito, wa mafuta ya maganda,
unashika nguo, unashika koo.
Nikamwambia: dada, moshi wako unaua kazi yangu.
Nilisema kwa adabu, ile adabu yenye miiba.
Akavitazama vidole vyake vyeusi, hakujibu.
Kesho yake akahamisha mafiga
upande wa magharibi, kusiko na kivuli,
na mchana kutwa nikamsikia akikohoa juani.
Tisini na saba.

Jumapili umeme ulikatika. Sikuwa na la kufanya.
Nikafungua skrubu nne za kipoozeo.
Nilitarajia vumbi, pamba, pengine mende.
Kikaachia kwa sauti ndogo, kama plasta inayobanduka kidondani,
na hapo, kati ya shaba na prosesa,
kipande cha nailoni, chembamba kama ngozi ya kitunguu,
kimeiva rangi ya chai,
kina maandishi mekundu ya Kiingereza
yanayoniomba nikibandue kabla ya kutumia.

Miezi saba.
Miezi saba hao wawili wamelala kitanda kimoja
na shuka katikati.

Nikacheka. Kisha nikaacha.
Nikakibandua kwa ukucha, nikafuta kwa spiriti,
pesti mpya, kiasi cha punje ya choroko,
nikakaza skrubu kwa kupishana, pembe kwa pembe.
Umeme uliporudi nikabonyeza,
nikakaa kama baba nje ya mlango wa leba.

Sitini na nane.
Sitini na tisa.
Sabini na moja. Ikakaa hapo, ikatulia.
Dari ya Chimbwata ikashuka polepole mahali pake.

Kilichobaki hakina kipimajoto.
Nikazunguka nyumba na ile nailoni mkononi,
na hotuba nzima kichwani.
Somoe aliipokea, akaiinua juani, akaona upande wa pili.
"Hii?"
"Hiyo."
Akaikunja mara mbili, akaitupa motoni.
Ikanuka vibaya kuliko korosho zote za msimu.
"Haya, shika huko," akasema. "Hilo figa bado lina moto,
tumia tambara.
Tunarudi kivulini."