Breki ya Lifti

Mimi ni fundi wa lifti, mjini Tampere.
Miaka kumi na saba nimeshika spana
ili watu wa ghorofa ya tisa wapande na mifuko yao ya viazi
bila kuniwaza. Ndivyo inavyotakiwa.
Fundi akiwazwa, ujue kuna kilichokwama.

Novemba, jua likizama saa tisa alasiri,
nikiwa juu ya sanduku la lifti huko Hervanta,
moyo ulitoka mbio ukaniacha nimesimama.
Hakuna kilichokatika. Nyaya nilizihesabu: sita, zote nzima.
Lakini vidole vilikufa ganzi, kijasho chembamba kikanitoka,
na pumzi ikawa kama mlango unaofunguka nusu,
ukafunga, ukafunguka nusu,
ukafunga.

Dada yangu Sylvi akasema: Aune, tafuta mshauri.
Kana kwamba mshauri ni mkate.

Wa kwanza alikuwa karibu na stesheni.
Alinipa karatasi ya maswali ishirini na moja,
jaza kuanzia sifuri hadi tatu.
"Mara ngapi umehisi jambo baya litatokea?"
Nikamwuliza, nyumbani au kazini?
Kazini mimi hulipwa kwa kuhisi hivyo.
Hakucheka. Saa ya ukutani ilikuwa nyuma ya kichwa changu
na macho yake yalikaa huko, nyuma ya kichwa changu.

Wa pili alinukia lavenda.
Akasema fumba macho, uko ufukweni.
Sipendi ufuko. Mchanga huingia kwenye beringi.
Nikafumba hata hivyo, kwa adabu,
nikalipa yuro themanini na tano za mchanga.

Wa tatu sikuwahi kumwona. Foleni, simu ilisema, ni wiki kumi na moja.
Nikaandikwa. Nikangoja wiki nne. Nikafuta jina.
Usiniulize kwa nini.
Mwenye hofu huogopa msaada ukikawia,
na ukiwahi huogopa zaidi.

Mficha uchi hazai, najua.
Lakini hakuna anayekutajia uvue mbele ya nani.

Wa nne, Helvi Ruokonen, yuko juu ya duka la baiskeli,
ghorofa ya nne, jengo lisilo na lifti.
Nilicheka peke yangu ngazini. Hamsini na nane, nilizihesabu.
Sweta yake imetoboka kiwikoni. Hakunipa karatasi.
Akauliza: ukiingia kwenye shimo la lifti,
unasikiliza nini kwanza?

Breki, nikamwambia. Nikaeleza kwa mikono, kwa midomo,
nikapiga meza yake kumwonyesha mlio.
Watu hudhani umeme ndio unaoibana breki. Sivyo.
Springi ndiyo hubana. Umeme huja kuiachia.
Umeme ukikatika, breki hushika,
na watu hukaa salama gizani
wakipiga kelele kwamba wanakufa.

Hapo nikanyamaza.
Naye akanyamaza, ule ukimya wa mtu
aliyekushikia ngazi chini, wewe uko juu.
Kisha: "Na yule wa Novemba, alikuwa anakufa,
au alikuwa ameshikwa?"

Sikujibu. Nililia vibaya, na makamasi.

Siwezi kusema nimepona.
Wiki iliyopita alilisahau jina la dada yangu,
akamwita Sirkka, nikaudhika siku mbili,
nikampigia kumwambia. Akasema samahani,
nikasikia kalamu ikiandika: Sylvi.
Mengi aliyonishauri yamenipita. Hiyo kalamu bado naisikia.

Kila Alhamisi bado husimama kwenye ngazi ya thelathini,
mkono ukutani, mlango wa pumzi nusu.
Huko juu namsikia akivuta viti viwili.
Kimoja kina mguu unaocheza.
Nimemwahidi nitakuja na spana.