Januari Mosi, Kila Asubuhi

Milio mitatu mifupi, kisha kimya.
Hivyo ndivyo inavyolalamika siku hizi,
nami, Helju wa Tartu, mfuma glavu,
naitegea sikio kama daktari wa mifugo.

Nimeifungua ubavu kwa bisibisi ya cherehani.
Vumbi! Na manyoya ya paka niliyemzika zamani
yamejisokota kwenye feni.
Nimechomoa kumbukumbu, nikaisugua kwa raba ya shule,
nikairudisha, nikabonyeza hadi ikaalika.
Ikawaka.

Ila saa yake imepotea njia.
Kila nikiiwasha huniambia
leo ni Januari mosi, elfu mbili na tisa.
Basi deni la benki bado ninalo,
goti la kushoto bado ni langu, si la chuma,
na Madis wa ghorofa ya pili
bado anagonga mlango kuomba gundi.

Madis huyo huyo, ana ndevu sasa, kapiga simu kutoka Helsinki:
"Nunua mpya, Helju. La kuvunda halina ubani."
Kipya kinyemi, najua.
Lakini kipya hakitaisoma programu
niliyochorea nakshi mia nne za glavu,
na macho yangu hayatazichora tena.

Betri ya saa nimenunua, bapa kama sarafu,
bei ya mkate.
Siku ya tatu iko dirishani, theluji nyuma yake.

Nitaiweka Jumatatu.
Leo goti linauma;
niacheni kidogo kwenye Januari ile.