Nje ya Kumbukumbu

Miaka ishirini na sita nilikaa chini ya kiti chake,
vidole juu ya mashine, masikio wazi,
nikiandika kila lililosemwa katika mahakama ya shirikisho, Fargo.
Kikohozi sikuandika. Wala mlio wa viti.
Jaji Ardis Tveit amezikwa jana, ardhi imekuwa jiwe kwa baridi,
kaburi likachimbwa kwa mashine ya kuvunjia lami,
na leo nimeketi na daftari la kawaida
niseme ambayo sheria haikunituma kuyaandika.

Baba yake alipima viazisukari kule Hillsboro,
malori yakipanga foleni tangu alfajiri ya Oktoba.
Kabla ya kupima aliugonga mzigo kwa fimbo, udongo uanguke.
"Tope si kiazi," aliwaambia wakulima, hata binamu zake,
na binamu zake wakaacha kumsalimu kanisani.
Ardis, wa miaka kumi, ndiye aliyeshika daftari la uzito.
Miaka arubaini baadaye wakili wa suti ya gharama
anaongea saa nzima, anazunguka
kama mbwa anayetafuta pa kulala,
naye anainama mbele kidogo:
"Hilo tope, wakili. Nionyeshe kiazi."
Hilo niliandika. Limo, ukurasa wa mia mbili na kumi na mbili.

Jina lake lilikaa miezi kumi na minne
katika mtoto wa meza wa mtu fulani, Washington.
Maseneta wakamuuliza juu ya makala aliyoandika chuoni.
"Nilikuwa na miaka ishirini na miwili," akajibu,
"na kodi ya nyumba nilikuwa sijawahi kuilipa kwa wakati."
Wakampa kiti cha maisha.
Cha maisha! Mumewe Orrin alicheka:
"Hata mimi hukuniahidi hivyo."
Mwaka wa tatu Orrin akafa. Kiti kikabaki.

Chini ya joho jeusi, Januari, alivaa buti za theluji
na soksi za sufi zisizolingana.
Usiku wa kuamkia kiapo cha uraia alifanya mazoezi ya majina
kwa penseli, silabi kwa silabi:
Kha-ti-wa-da. Nda-yi-shi-mi-ye.
"Mtu asianze uraia kwa jina lililovunjwa."
Mahakama ya rufaa ilitengua hukumu zake mara tisa;
alizibandika zote kwenye mlango wa friji,
juu ya orodha ya mayai na maziwa.

Delmar Azure alikuwa na miaka kumi na tisa.
Alibeba kifurushi cha binamu yake kutoka Minot,
na sheria ilikwisha kupima kabla jaji hajagusa mizani:
miaka ishirini, isipungue.
Aliisoma. Sauti haikutetemeka.
Kisha akanyamaza.
Saa ya ukutani ilitembea sekunde arubaini na moja, nilihesabu,
vidole vyangu vikining'inia hewani.
Mashine yangu ina vitufe vya kila sauti ya binadamu,
cha ukimya haina.
Benchi la nyuma, mama yake Delmar alifunga vifungo vya koti,
akafungua, akafunga.

Barua tatu alipeleka Washington kumwombea apunguziwe.
Nilizipiga chapa mimi. Mbili hazikujibiwa.
Ya tatu ilijibiwa kwa fomu, jina limekosewa.

Siku yake ya mwisho kazini, masikio yamechoka,
mkono ukipapasa ukuta, alikuja chumbani kwangu
akataka niitoe kesi ile.
"Nisomee."
Nikasoma mpaka miezi mia mbili na arubaini.
"Na baada ya hapo?"
"Mahakama iliahirishwa, Mheshimiwa."
"Kabla ya kuahirishwa. Pale niliponyamaza."
"Hapakuandikwa."
Alitazama dirishani, lori la chumvi likimwaga barabarani.
"Basi siku moja andika," akasema. "Wala usinitetee."

Sekunde arubaini na moja, Mheshimiwa.
Naziandika.
Sikutetei.