Shemeji wa Kadutu

Ntakwinja anatarizi majina kwenye mikoba.
Duka lake limo ndani ya simu, cherehani iko Kadutu.
Mteja wa Uvira anataka herufi nyekundu,
na aione kazi kabla hajalipa.

Programu ya kwanza: dola kumi na tisa kila mwezi.
Mvua inyeshe, umeme ukatike,
mwezi haujali.
Ya pili haiombi kitu, ila mkoba ukiuzwa
inamega kipande, kama shemeji aliyekuja kusalimia tu.
Ya tatu: lipa mara moja, yako milele.
Nani Bukavu amewahi kuishika milele mkononi?

Anahesabu kwa chaki nyuma ya mlango.
Desemba, mikoba arobaini. Februari, mitatu.

Anamchagua shemeji.
Huyo angalau,
sufuria ikilala tupu, naye analala njaa.